Chokaa Moyoni

Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo mama na binti walipanda ngazi, na kabla ya kufika ghorofa ya kwanza walikuwa wameshakaa chini mara mbili. Bi kizee aliegemea ukuta, fimbo kati ya magoti. Binti yake, naye mtu mzima mwenye mvi, alikaa kando yake.

Mfagiaji aliyekuwa akipiga deki aliwasogezea ndoo wapate nafasi.

"Pole, bibi. Ngazi hizi zinaua."

"Tushapoa, mwanangu. Ngazi hazina kosa. Kosa la moyo."

Huko juu, daktari wa moyo aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Vali ya moyo, alisema, hufunguka na kujifunga kama mlango laini. Hii ilikuwa imeota chokaa, nyeupe pe, kama birika lililochemshiwa maji ya chumvi miaka nenda miaka rudi. Damu ilikuwa ikipenya kwenye tundu dogo tu. Ndiyo sababu ya kuhema, ndiyo sababu ya kuzimia.

"Mtapasua kifua?" aliuliza bi kizee.

"Hapana, mapafu hayatahimili. Tutapitisha vali mpya kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, tuifungulie ndani ya ile ya zamani." Daktari aliigusa picha kwa kidole. "Ila sitawaficha. Chokaa ni nyingi, tena imelundikana upande mmoja. Vali mpya inaweza isikae sawasawa, damu ikavuja ubavuni. Na kipande kikimeguka kikapanda kichwani, hicho ni kiharusi."

"Na tukiacha?"

"Mkiacha, mwaka utakuwa mrefu kuumaliza."

Bi kizee alicheka kicheko kikavu. "Mimi nimekula chumvi nyingi, daktari. Nimezika mume, nimebeba vitukuu. Kifo hakinitishi. Lakini kubahatisha na moyo wa mtu kama mnacheza kamari, hapana. Twende zetu nyumbani."

"Mama," binti alisema taratibu, "nimechoka."

Bi kizee aligeuka akamtazama. Miezi yote hiyo ya ugonjwa walikuwa wakilala chumba kimoja, mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake gizani, na kukicha kila mmoja akidai amelala fofofo. Neno hilo halijapata kutamkwa baina yao. Lilimchoma kuliko habari zote za chokaa.

"Umechoka kiasi hicho?"

"Kiasi hicho. Waache wajaribu, mama. Liwalo na liwe."

Bi kizee alishusha pumzi. "Waliosema mtoto akililia wembe mpe," alinong'ona, "hawakuzaa." Kisha akamgeukia daktari. "Haya. Fanyeni."

Siku ilipofika, waliagana mlangoni pa chumba cha upasuaji kwa maneno ya ovyo, kama wanavyoagana watu wenye mengi ya kusema. Mmoja alisema leo kuna joto. Mwenzake akakubali kwamba, kweli, kuna joto. Kitanda cha magurudumu kikasukumwa ndani, milango ikajifunga, na nje kukabaki benchi la mbao na kusubiri kusikokwisha. Wagonjwa wa watu wengine waliingia wakatoka. Dua zilisomwa mpaka zikaisha, zikaanzwa upya.

Daktari alitokea barakoa ikining'inia shingoni, mgongo umempinda kwa uchovu. Vali imekaa, alisema. Chokaa ilikuwa kaidi, ubavuni pamebaki mwanya na damu inavuja kidogo, lakini moyo unaimudu, nao watakuwa wakiuangalia.

Kisha akachuchumaa mbele ya benchi, ili bi kizee asilazimike kuinuka.

"Mama," alisema, "mwanao ameamka. Anauliza kama umekula."