Kipande cha Shingoni

Bi Mize aliweka kichupa juu ya meza ya daktari. Alikuwa amekiosha kikang'aa.

"Maabara wanasema hawajapokea kitu," daktari alisema. "Ile tezi niliyoitoa shingoni mwa Zuwena, nikakupa katika kichupa hiki uipeleke, iko wapi?"

"Nimeizika, mwanangu. Kwetu nyama ya mtu haichezewi. Niliifunga kitambaa cheupe, nikaizika nyuma ya nyumba, pale pale kilipozikwa kitovu chake."

Daktari akamtazama mgonjwa. Zuwena alikuwa kando ya mama yake, ameinama mbele, maana akiegemea nyuma tu pumzi humkatika.

"Mama, kifua kikuu tulishapima, hana. Huu ni uvimbe wa nadra. Ile nyama ndiyo ingetuambia jina lake, na bila jina sijui nimpe dawa gani."

"Basi mkate nyingine."

"Zilizobaki ziko ndani ya kifua. Kwa pumzi hizi, nikimlaza nimpasue, huenda asiamke."

"Na nikiifukua?"

"Imeshaharibika, mama."

Zuwena akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Kumbe umeshaanza kunizika, mama. Umeanzia shingoni."

Bi Mize alichukua kichupa, akakifungua, akanusa. Harufu ya dawa ilikuwa bado imo. Akarudisha kifuniko, akakikaza kwa nguvu zake zote, kisha akakipakata kwa mikono miwili, kama kwamba ndani mna kitu.