Paa na Kocha Kiboko

Kabla ya kila mbio, Paa alilia kidogo, akafuta macho, kisha akakimbia. Kocha Kiboko hakupendezwa.

"Sitaki mlialia kwenye timu yangu," alisema, akampanga Ngiri mahali pake, ambaye akikasirika huwapiga wenzake vichwa. "Huyu ndiye mwenye moyo!"

Siku ya mashindano, Pundamilia alimkanyaga Ngiri kwa bahati mbaya. Ngiri akaacha mbio, akamjeruhi mguu. Mwamuzi akamfukuza uwanjani. Kiboko akamwita Paa akimbie mbio za mwisho. Paa alilia, akafuta macho, akashinda.

Kiboko akaja kumkumbatia. Paa akarudi nyuma kwa hasira.

"Machozi yangu hayakumuumiza yeyote, ukanitoa. Ngiri ameumiza wenzetu mwaka mzima, ukamsifu! Usiniguse, Kocha."

Akaenda kumfunga Pundamilia jeraha.