Gari Linanguruma Mlangoni

Desderi hakukusudia kukaa. Alisikia kwamba kaka yake Gaudensi amepofuka, akanunua machungwa, akaja kuyaacha mlangoni na kuondoka, kwa kuwa tangu wagombane kwenye matanga ya baba yao hawakuwa wamesemeshana. Hata injini hakuizima. Alishuka, akabonyeza loki kama alivyozoea, akaubamiza mlango. Hapo ndipo alipouona ufunguo ukining'inia mahali pake mle ndani, na machungwa yakiwa kitini.

"Karibu, shemeji," alisema Koleta, mke wa Gaudensi, akitoka ndani. "Mbona hujazima gari?"

"Sikai."

"Basi shusha mzigo wako."

Desderi alivuta mlango. Akazunguka, akavuta wa pili, halafu akarudi kuvuta ule ule wa kwanza. Hakuelewa amewezaje kujifungia nje. Kutoa zawadi hawezi, kuondoka hawezi, na gari linanguruma tu.

"Koleta! Nani huyo?" Gaudensi aliuliza kutoka ndani.

Koleta alimtazama shemeji yake.

"Ni mimi," Desderi alisema.

"Mimi nani?"

Aseme Desderi? Aseme mdogo wako? Kabla hajaamua, Gaudensi alitokea akipapasa ukuta, akiufuata mlio wa injini. Mkono wake uligusa boneti iliyopata moto, ukashtuka, ukarudi tena. Kisha ukaanza kusogea polepole juu ya bati, kuelekea aliposimama mdogo wake.