Joto la Kiti cha Abiria

Mwanamume aliyezoea kuendesha gari madirisha wazi hata msimu wa mvua, ghafla alianza kulalamikia baridi.

"Hita inapuliza baridi tupu," alimwambia mkewe, macho kwenye kioo, wembe ukiteleza shavuni. "Nipelekee gari kwa fundi leo. Kesho napanda mlimani, nataka liwe na joto."

"Wewe tangu lini unasikia baridi?"

"Uzee huo, mke wangu."

Uzee wenyewe haukuonekana popote. Mtaa mzima ulimwita Hendisamu. Alikuwa akizungusha vipodozi madukani, na uso wake uliuza kuliko maneno yake. Wenye maduka walimsogezea kiti kabla hajafungua mkoba. Siku ya harusi dada yake alimwinamia bibi harusi na kumuuliza kwa sauti, "Wifi, hebu tuambie, kaka yangu ulimlisha nini?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi harusi naye alicheka. Angefanya nini?

Mke alipoingia garini aliona matundu yote ya hewa kwenye dashibodi yamegeuzwa kuelekea kiti cha abiria. Kiti chenyewe kilikuwa kimelazwa nyuma. Yeye hukikalia siku za misiba tu, na hukikalia kikiwa wima. Hakukigusa. Aliwasha gari akaenda.

Alikuwa hajawahi kumwona fundi wa mumewe. Upande mmoja wa uso wa fundi ulikuwa kama wa mtu yeyote. Upande wa pili, kuanzia paji hadi shingoni, ngozi ilikuwa imejikunja na kung'aa, na sikio limesinyaa. Mama wa watu hakujua aangalie wapi, akaangalia viatu vyake.

"Karibu, shemeji. Hendisamu ameshanipigia."

Alifungua boneti, akapapasa mipira miwili inayoingia kwenye hita, kisha akalala chini ya gari. Alipotoka alikuwa anatikisa kichwa.

"Hita haina kosa lolote. Inapata joto kutoka kwenye maji ya moto ya injini, na hapa maji hayafiki. Mpira umepasuka, yanavujia chini."

"Kwa hiyo ni maji tu?"

"Maji tu, lakini usiyadharau. Mpira wa aina hii sina, niletee gari Jumatatu. Nimekujazia, utafika nyumbani bila wasiwasi. Ila mlimani asithubutu. Litachemsha kabla hajafika nusu ya njia."

"Na likichemsha?"

"Azime, akae pembeni mpaka lipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta asikiguse." Alijionyesha shavu kwa ncha ya spana. "Mimi nilikuwa na haraka zangu. Mvuke haukuniuliza jina."

"Pole sana, fundi."

"Nimeshapoa." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Mke wangu ndiye aliyeteseka. Alinilisha kwa kijiko kama mtoto. Lakini nikwambie kitu, shemeji? Zamani nikichelewa kidogo tu, simu haziishi. Uko wapi, uko na nani. Siku hizi nikichelewa namkuta anakoroma. Namuuliza, mama, mbona hunitafuti? Ananijibu, nani atakuchukua?"

Fundi aliangua kicheko, upande mmoja wa mdomo ukipanda juu na mwingine ukibaki palepale. Yule mwanamke naye alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na fundi aliponyamaza, yeye alikuwa bado anacheka.

"Na macho?" aliuliza alipotulia. "Yanaona vizuri?"

"Macho mazima. Niliwahi kuyafumba."

Alishusha pumzi. "Afadhali."

"Mwambie asafiri kwa basi," fundi alisema akifunga boneti.

"Nitamwambia."

Kesho yake alimpigia mumewe pasi shati lake jeupe. Alitandika upya kitanda cha chumba cha uani, kile chenye dirisha dogo, akafunga pazia zito na kusogeza kiti kando ya mto. Mume alirudi mchana, ananukia manukato, mkoba begani.

"Limepona kabisa?"

"Fundi amelishughulikia. Anasema baridi itapuliza bado kidogo, ukianza kupanda joto litakuja lenyewe."

"Mke wangu! Bila wewe ningekuwa mgeni wa nani?"

Walitoka pamoja hadi kwenye gari. Kabla mume hajaingia, mke alimshika uso kwa viganja viwili, akamtazama: paji, nyusi, mashavu, kidevu. Zamani walikuwa wakitazamana hivi. Mume alicheka kwa haya, akachungulia saa juu ya bega la mkewe.

"Kuna nini leo?"

"Hakuna. Nisikilize kwanza, haya ni maagizo ya fundi mwenyewe."

"Haraka basi, nachelewa." Alishakaa kwenye usukani.

Mwanamke aliinama dirishani, akamnyoosha kola ya shati.

"Likichemsha njiani, usisubiri lipoe, injini itakufa. Simama hapohapo, fungua kifuniko cha rejeta upesi, na uweke shavu karibu usikie kama maji bado yanatokota."

"Sawa."

"Na macho uyafumbe, mume wangu," alisema. "Kuna vumbi."