Toa Sita

Shangazi Kibibi haoni, kwa hiyo simu ndiyo inayomsomea saa. Daktari alisema anywe dawa ya presha saa mbili asubuhi, lakini simu, kwa kufuata saa ya kizungu, ikamwambia saa nane. Akangoja bila dawa mpaka simu iseme saa mbili, yaani saa nane mchana, akaanguka jikoni.

Zamda, binti wa kaka yake, ni mwandishi wa programu. Programu ile ya kusoma saa aliijua. Ni ya bure, wameiandika watu wanaojitolea, na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Kosa lile aliliona mwaka jana akalipuuza, kwa kuwa imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na yeye ni mtu wa lugha nyingine, Python. C huiita lugha ya wapenda mateso. “Wapo watakaorekebisha,” alisema wakati ule.

Sasa aliketi miguuni pa shangazi na kompyuta mapajani. Nuktamkato, alama ambazo C huzidai mwishoni mwa mistari, zilimwangusha mara tatu. Mwishowe akaandika mstari mmoja tu, kwamba saa itolewe sita, akaijaribu simu.

“Ni saa sifuri jioni,” ikasema.

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. “Mwanangu, saa hiyo bado haijazaliwa!”

Zamda naye akacheka, maana sita kutoa sita ni sifuri, akairudia lugha asiyoipenda.

“Ni saa kumi na mbili jioni,” simu ikasema.

“Hapo sawa,” shangazi akaitikia.

Kwenye fomu ya kuwatumia wenye programu marekebisho hayo, palikuwa na nafasi ya jina la aliyegundua kosa. Zamda akaandika: Kibibi.