Elmire Anyamazishwa

"Mama, nakuomba ukae kimya," alisema Bwana Prescott. "Unawafukuza samaki."

Elmire Naquin alifunga mdomo katikati ya sentensi. Alikuwa akimweleza mumewe kwamba yule ndege mwari mzee amerudi juu ya nguzo iliyovunjika, upande wa kushoto, na kwamba anafanana na Padri Gaspard anapongoja sadaka. Tangu walipozima injini hakuwa amepumzika. Alikuwa ameyasifu matete yaliyoanza kuchipua, ameicheka mashua ya kijani ya akina Verdin waliokuwa wakitega kaa upande wa kulia, na ameililia rasi ndogo iliyomezwa na dhoruba za kipupwe.

Sehemu ya nyuma ya mashua, mumewe Ovide alisimama na upondo, mti mrefu wa kusukumia, mikononi.

"Amenizoea, bwana," Elmire alijaribu. "Maisha yetu yote tunavua pamoja. Nisipoongea atadhani nimetumbukia."

"Basi leo adhani hivyo."

Ovide alicheka peke yake. Kicheko chake kilikatika upesi.

Prescott alikuwa meneja mpya wa kambi ambako watu wa mjini huja kuvua kwa starehe. Mwenye kambi alitaka waongozaji vijana wenye injini kubwa, na tangu Kwaresima ianze wazee wengine wote walikuwa wameachishwa kazi. Alibaki Ovide. Safari hii ilikuwa mtihani wake. Akimpatia meneja samaki, angebaki na kazi, na wao wangebaki na nyumba ya kambi. Akishindwa, wangehama kabla ya Pasaka. Prescott aliwaambia hayo waziwazi kabla hawajapanda.

Mashua iliingia katika mfereji mwembamba. Ovide alipunguza mwendo. Alichovya upondo, akapapasa tope, akatulia, ndipo akasukuma. Kisha akarudia. Prescott aliridhika. Alidhani kwamba hatimaye ameona jinsi mvuvi wa kweli anavyonyemelea.

Elmire alifumbua mdomo. Prescott alimkazia macho. Akaufumba.

Mashua iligonga nguzo ya shamba la chaza kwa kishindo, na Prescott akaangukia ndoo ya chambo.

"Vipi tena, mzee?"

"Mkondo," alijibu Ovide. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni. "Siku hizi maji yanatoka kwa nguvu."

"Ni mimi!" Elmire alidakia. "Nimekaa upande mmoja. Nimenenepa, bwana, wala sifichi."

"Mama, nilisema nini?"

"Kimya, bwana."

"Na wewe, mzee, nimeshaona maji ya kutosha. Sikuja kutalii. Samaki wako wapi?"

Ovide aliinama, akatumbukiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Ule ubaridi wa kuuma ulikuwa umekwisha. Maji yalikuwa vuguvugu, na kamba walikuwa wakirukaruka juu yake kama mafuta kwenye kikaango. Aliinua pua. Upepo ulileta harufu ya tikiti maji lililopasuliwa sasa hivi. Pwani ile yote, harufu hiyo ina maana moja: samaki wa madoa wako mezani, wanakula.

"Tupa mshipi upepo unakotoka," alisema. "Pale matete yanapoanza. Chambo kiache kizame kwanza. Sasa vuta kidogo."

Prescott alivuta. Ufito wa kuvulia ulipinda hadi ukagusa maji.

"Mlegezee!" Ovide alifoka. "Kigurudumu cha mshipi kinalia hicho, husikii? Mdomo wake ni laini kama mkate uliolowa. Ukimvuta kwa hasira utarudi na mdomo, samaki abaki."

Meneja alilegeza. Samaki alikwenda kulia, akarudi, akapita chini ya mashua. Elmire alikuwa amepiga magoti na wavu, midomo ameibana kama mtu aliyejaza maji kinywani. Mshipi ulikwaruza ubao.

Kisha wavu ukainuka, ukiwa na samaki wa urefu wa mkono wa mtu mzima.

Baada ya huyo walikuja wengine, mpaka sanduku la barafu likakataa kufungika. Prescott, amelowa na ananuka, alicheka kwa mara ya kwanza.

"Umeona, mama? Kimya kinalipa."

"Nimeona, bwana."

Ovide alilalamika kwamba mgongo unamuuma, kwa hiyo Elmire ndiye aliyewasha injini na kuwarudisha. Njia nzima hakusema lolote. Prescott naye alikuwa ameshaamua moyoni: mzee huyu asiguswe.

Walipofika gatini, Prescott alikwenda kando kumpigia simu mwenye kambi. Alizungumza kirefu, akionyesha kwa mikono ukubwa wa samaki wake kana kwamba mwenzake anamwona. Jibu lilikuwa ndiyo.

Alirudi akitabasamu. Elmire alikuwa kwenye beseni, ameinama, akipara magamba. Ovide alikuwa ameketi juu ya kreti akikunja kamba ya nanga. Mashine ya barafu ilinguruma, ikimeza sauti ya hatua na ya mawimbi. Prescott aliona kwamba kupiga kelele hakuna maana. Mkono mmoja ungetosha kusema yote. Akamnyooshea Ovide.

Ovide aliendelea kukunja kamba. Baadaye aliinua uso wake uliochoka.

"Elmire," aliita, "yule bwana ameshaondoka?"

Kisu cha Elmire kilisimama. Prescott alikuwa mbele ya mzee, karibu kiasi cha kugusana magoti, na mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa.