Santuri Tatu za Philadelphia

Rael alirudi chumbani kufunga sanduku. Mkataba wake wa kazi za ndani huko Jeddah ulikuwa umekwisha, na ndege ya Nairobi ilikuwa jioni hiyo. Mkono wake ukagusa kitu kigumu chini ya nguo.

Akaifunua leso yake iliyokuwa imekifunga. Zilikuwa santuri tatu za muziki wa soul wa Philadelphia, zile zenye fidla nyingi na sauti laini, ambazo mwajiri wake, mume wa madam, aliziagiza kutoka Marekani na hakuruhusu mtu azishike.

Msichana aliyemtangulia katika nyumba hii alikamatwa uwanja wa ndege na pete ya madam, akiapa kwamba hajui iliingiaje mkobani.

Rael akazibeba pamoja na leso hadi sebuleni, akaziweka mezani mbele ya madam na mumewe. Vidole vyake viliacha alama za jasho kwenye picha za waimbaji katika majalada.

"Haki ya Mungu, madam, sijaiba. Nimezikuta kwenye sanduku langu."

Madam akamgeukia mumewe. Mzee akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Nimeziweka mimi," akasema. "Ni zawadi. Huwa anaimba nyimbo hizi akipika."

Rael akashusha pumzi, akataka kushukuru.

Lakini madam alikuwa ameinyanyua ile leso, akiigeuza polepole, leso ambayo Rael huifunga mwilini akitoka kuoga. Akamtazama mumewe. Kisha akamtazama Rael kuanzia miguuni hadi usoni, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Rael," akasema, "nipe pasipoti yako."